Kigumba Nilichomchagulia Bosi

Wiki iliyopita mlinijia watatu, simu mikononi, mkanionyesha picha za vigumba vya mishale vinavyouzwa siku hizi. Mmoja wenu amepata kazi Uarabuni, kwenye shamba la mtu anayefuga wanyama wa kuwindwa kwa upinde. Akaniuliza, "Mzee Kyalo, kwa ayala kigumba gani ndio moto?" Nikawatania, nikasema mimi nimestaafu, mikono inatetemeka hadi chai inaishia kwenye suruali. Mkacheka mkaenda zenu. Lakini tangu siku hiyo sina raha. Swali lenu lina jibu, ila jibu hilo lina mtu ndani yake, na siwezi kuwapa moja nikaficha jingine.

Nianze na mnyama. Ayala wengi wenu mmemsikia kanisani tu, maana kwetu hayupo. Mchukue swala, mnenepeshe, mpe madoa meupe mgongoni, na dume mpe pembe pana kama viganja vya mkono. Bosi wangu aliwaleta kwa ndege, akawazungushia ua wa waya kwenye shamba lake, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Riyadh, na akachimba kisima ili wapate maji na majani mabichi kwenye nchi ambayo hata nzi hutafuta kivuli. Tulikuwa wanne wa kuwatunza. Tukawanywesha mwaka mzima, tukawaita kwa majina, halafu mara nne au tano kwa mwaka bosi alikuja na wageni wake kuwapiga mishale.

Nilikwenda huko miaka ile ambayo kila ghorofa ya Nairobi ilikuwa na ofisi ya kupeleka watu Uarabuni. Kwenye fomu niliandikwa kibarua wa shamba. Upinde sikuutaja, lakini nilikuwa nimezaliwa nao. Baba yangu alikuwa mfua vyuma kule Mwingi. Alitengeneza vigumba kwa misumari ya inchi sita, na wateja wake wakubwa walikuwa walinzi wa maduka ya Nairobi, wale wanaokaa mlangoni na upinde begani. Siku bosi aliponikuta nanyoosha mshale wake uliopinda, nikiupasha moto kidogo kidogo juu ya jiko, alisimama akanitazama mpaka nikaogopa. Kesho yake nikakabidhiwa ufunguo wa chumba cha silaha.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, na hilo mnaweza kulicheka. Sisi Wakamba mshale wetu huua kwa sumu. Kigumba ni mbebaji tu. Ni chembamba, kina miba ya kukizuia kisichomoke, na makali yake si kitu. Basi bosi alipofungua kabati nikaona vyuma vipana, vinang'aa, vina makali pande mbili na tatu, nikatafuta chupa. Nikamwuliza kwa Kiarabu changu cha kuokota, "Bosi, na sumu iko wapi?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Akawapigia simu rafiki zake mmoja mmoja kuwasimulia, na kwa muda wa mwezi mzima kila mgeni aliyefika shambani aliniita Baba wa Sumu.

Sawa, walicheka, lakini ndani ya kicheko kulikuwa na somo ambalo lazima mlijue kabla ya mengine yote. Kigumba kipana hakina msaidizi. Mnyama hufa kwa sababu damu imemtoka, na damu hutoka haraka pale tu makali yanapopita moja kwa moja, yakaingia upande huu na kutokea upande ule. Kigumba butu hakiui, kinatesa. Ukimpelekea mnyama kigumba butu, wewe si mwindaji wala mtumishi wa mwindaji, wewe ni mtu mbaya.

Aliyenifundisha kunoa alikuwa mzee wa Kiyemeni pale Manfuha, mtaa mmoja wa Riyadh, tulimwita Ami Salim. Ijumaa ilikuwa siku yetu ya kwenda mjini. Wenzangu walikwenda kutuma pesa na kutafuta unga wa ugali, mimi nilikwenda kukaa kwenye kibanda cha Ami Salim, nyuma ya machinjio ya kuku, ambako alinoa visu vya mtaa mzima. Alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Mara ya kwanza nilipompa kigumba nilichokinoa, alikigusa tu, akanipiga konzi la kichwa. Mimi, mtu mzima, baba wa watoto wanne! Kisha akachukua mpira mwembamba wa kufungia noti, akauvuta kati ya vidole, akaupitishia kigumba bila kukandamiza. Mpira haukukatika. "Huu ni ngozi," akasema. "Usipokatika hapa, na kule ngozi haitakatika. Rudia." Nilirudia Ijumaa tatu.

Ami Salim hakuwahi kuwinda hata panya, lakini chuma alikijua. Mengine nilijifunza mwenyewe. Kila kigumba kipime kwenye mizani ya sonara, kisizidi wala kupungua vyenzake vya shehena moja. Kifunge kwenye mshale, simamisha ncha yake juu ya ukucha wako, uuzungushe mshale kama pia ya mtoto. Ukihisi unatikisika, hata kidogo, huo utakwenda upogo, uutoe. Vya mazoezi viweke mbali na vya kuwindia, na uvipake rangi, maana kigumba kilichopiga gunia la mchanga mara kumi ukikitazama kinakudanganya. Na usijaribu makali kwa kidole gumba. Nina alama ya ujinga huo hadi leo.

Siku nilipojikata kidole hicho ndipo nilipomjua Salome vizuri. Alikuwa mpishi wa nyumba ya shambani, mama wa makamo kutoka Kitui, na kwao na kwetu ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Aliosha kidonda kwa chumvi, akakifunga kwa kipande cha leso yake, huku akinisema kwa Kikamba kana kwamba amenizaa. Akaniita Baba Mwende, kwa jina la binti yangu wa kwanza, na jina hilo halijamtoka mdomoni mpaka sasa.

Salome alikuwa na jambo lililomla ndani. Mama yake hakutaka aende Uarabuni. Siku ya kuondoka waligombana vibaya uani, na mama, mbele ya majirani, akamwambia kwamba akivuka lile lango asimhesabu tena kuwa mama, na asipate la heri huko aendako wala akirudi. Salome akavuka. Alikuwa na hasira, na gari la ofisi lilikuwa linapiga honi. Mwaka wa pili mama akaugua saratani ya koo, na habari zikaja kwamba hatamaliza msimu.

Mnajua kwetu mambo haya yalivyo. Radhi ni bora kuliko mali, na maneno ya mzazi huondolewa na mzazi mwenyewe, kwa mdomo wake, akimtemea mtoto mate kidogo kifuani na kwenye viganja. Salome alijaribu simu. Dada yake alimshikia mama simu sikioni, na mama akasema kwa sauti iliyokwisha kukauka, "Simu haina mate. Njoo." Salome aliniambia hayo akiwa anamenya vitunguu, na hakujisingizia vitunguu. Alilia wazi.

Lakini kuja kulihitaji saini ya bosi. Wakati ule hukutoka nchi ile bila kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, kukubali, na pasipoti ilikuwa kwenye sanduku lake la chuma. Salome alikuwa ameshaomba mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa amalize mkataba kwanza. Halas, yamekwisha.

Sasa niwaambie desturi ya shamba lile, ambayo hamtaikuta kwenye mkataba wowote. Bosi alikuwa mtu wa hali ya hewa. Ayala akianguka pale pale machoni pa wageni, bosi aligeuka malaika. Alikumbatia watu, aligawa nyama, na yeyote aliyekuja wakati huo na ombi alipewa. Dereva mmoja alipata likizo ya miezi mitatu hivyo. Mpakistani wa kisima aliletewa mke wake. Kwa hiyo sisi wote tuliyatunza maombi yetu tukiyasubirisha siku ya mnyama kuanguka vizuri, na kila mtu shambani alijua kwamba siku hiyo iko mikononi mwa anayechagua vigumba. Nilipendwa, nawaambia. Nilipewa kipande cha kuku ambacho sikukistahili.

Ila kulikuwa na jambo nililolijua peke yangu. Miezi michache kabla, bosi alianguka kutoka kwenye farasi akaumia bega. Hakumwambia mtu. Aliniita chumba cha silaha, akafunga mlango, akaniamuru nilegeze skrubu za upinde wake. Tukaushusha kutoka ratili sitini hadi ratili arobaini, na hata hapo alikuwa akivuta huku akikunja uso. Akaweka kidole mdomoni. "Mimi na wewe tu, Kyalo." Nikasema tamam, nikajiona mtu mkubwa kwa kupewa siri ya tajiri.

Wiki mbili kabla ya wageni kuja nilitumwa Jedda kutoa sanduku bandarini. Nilikaa huko siku tatu, jasho likinitiririka hadi kwenye soksi, nikimweleza karani mmoja baada ya mwingine kwamba hizi si silaha za vita. Mmoja alijikata alipokuwa akikagua, na hilo likaturudisha nyuma siku nzima. Ndani ya sanduku kulikuwa na vigumba vipya ambavyo bosi alikuwa ameviota, vile vya mabawa. Vinaruka vimejikunja, vyembamba kama kalamu, na vikigusa mnyama vinafunguka upana wa vidole vitatu. Ni hivyo hivyo mlivyonionyesha kwenye simu.

Sikilizeni hapa, maana hili ndilo jibu lenu. Kigumba cha mabawa hutumia nguvu kujifungua. Nguvu hiyo inatoka kwenye mshale. Mtu mwenye mkono mzito na upinde mzito anazo nguvu za kufungulia na za kupenyezea. Mtu mwenye upinde uliolegezwa anazo za kimoja tu. Huyo mpe kigumba cha makali mawili, kisichofunguka, chembamba, kizito, kilichonolewa mpaka ule mpira unakatika kabla hujauvuta. Hakina urembo, lakini kinapita. Nilivijaribu vile vya mabawa mwenyewe kwenye ngozi kavu ya mbuzi niliyoitandaza juu ya gunia, kwa upinde ule ule wa ratili arobaini. Viliingia kiasi cha pingili moja ya kidole. Nikajua, na nikanoa vile vya zamani sita, nikavipanga mbele kabatini.

Asubuhi ya siku yenyewe Salome alinijia mlangoni pa chumba cha silaha akiwa amevaa gauni lake la kanisani chini ya aproni. Dada yake alikuwa amepiga simu. Mama alikuwa ameacha kumeza hata uji.

"Baba Mwende," akasema, "leo usiniangushe, please. Leo naomba."

"Hutaanguka. Ukisikia wamefurahi, toka na kahawa. Utampata akiwa malaika."

"Umechagua kile kizuri?"

"Nimechagua jana."

Akanishika mkono kwa mikono miwili, akarudi jikoni.

Bosi akaingia na wageni wanne. Alikuwa tayari ameshawasimulia habari za vigumba vyake vya mabawa, na mmoja alikuwa anakifungua na kukifunga kimoja kwa kidole kama mtoto na jogoo wa bati wa kuchezea. Bosi akachukua kimoja cha mabawa mkono huu, kimoja cha zamani mkono ule. Akaniuliza mbele yao, "Haya, Baba wa Sumu, fundi wetu. Kipi?"

Nilinyoosha kidole kuelekea cha zamani. Mgeni mmoja akasema, "Lo! Kwa nini? Si umekwenda Jedda kwa ajili ya hivi?" Wote wakanigeukia wakingoja elimu. Na jibu la kwa nini lilikuwa moja tu, bega la bosi. Nilimtazama bosi. Macho yake yalikuwa yananiambia ninyamaze.

Ningeweza kudanganya. Nimeufikiria uongo huo kwa miaka yote hii, na nimepata uongo mzuri usiopungua ishirini. Ningesema vipya bado sijavipima. Ningesema vina kutu ya bahari. Lakini nitawaambia ukweli ambao unaniuma kuliko hofu. Nilipenda wale watu walivyokuwa wakinitazama. Walikuwa wananiita fundi. Nilitaka waondoke wakisema yule Mwafrika anajua vitu vya kisasa. Basi nikacheka, nikageuza kidole, nikasema, "Nilikuwa natania. Vya mabawa, bosi. Hivi ndivyo vya leo."

Wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nikavifunga kwenye mishale, kimoja kimoja, nikivizungusha juu ya ukucha. Havikutikisika hata kidogo.

Ayala alikuwa dume la miaka mitano, lile tulilolizoea kwa sababu lilipenda kula ganda la tikiti mkononi. Lilisimama ubavu, hatua ishirini na tano, pozi ambalo mwindaji huombea. Bosi akavuta, nikaona bega likitetemeka, akaachia. Mshale ukapiga pale pale panapotakiwa, nyuma ya bega. Nikasikia mlio kama wa kofi. Kisha mshale ukaning'inia, ukadondoka, na ayala akaruka juu akakimbilia kwenye vichaka vya miiba. Chini pakabaki mshale na damu isiyojaza kijiko.

Mgeni mmoja, kijinga tu, akacheka, na mwingine akadakia. Walicheka kwa nguvu. Mmoja akamwuliza bosi kama alikuwa anamwinda ayala au anampiga chanjo.

Jikoni Salome alisikia kicheko.

Nilimwona akitoka na sinia. Aliweka tende, dele la kahawa, vikombe vidogo, vyote vimepangwa, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo sijaiona tena. Nilitaka kumpungia mkono arudi. Sikumpungia, maana nilikuwa nimeshika pinde za wageni, na hata hilo ni kisingizio. Akapiga magoti mbele ya bosi pale mchangani, akaweka sinia, akasema maneno aliyoyafanyia mazoezi kwa wiki nzima: mama anakufa, naomba ruksa, nitarudi.

Bosi hakumpigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alimtazama kana kwamba ni yeye aliyecheka. "Mafi safari, hakuna safari," akasema taratibu. "Mkataba ukiisha. Yalla, ndani." Salome akabaki amepiga magoti, hajaelewa, akageuka kunitazama mimi. Nikatazama chini.

Kesho yake alipelekwa Jedda, kwa dada yake bosi, ili bosi asimwone. Pasipoti ilibaki kwenye sanduku.

Ayala nilimkuta siku ya tatu. Nilifuata nzi. Alikuwa amelala ubavu karibu na birika la maji, hai, ubavu umevimba, akiwa ameelekeza shingo kwenye maji asiyoyafikia. Aliponiona hakuogopa. Alidhani nimemletea ganda la tikiti. Nilimmaliza kwa kisu kilichonolewa na Ami Salim, kisha nikakaa pale nikalia kama mtu aliyefiwa. Niliporudi niliuchukua mshale ule uliodondoka; bawa moja la kigumba lilikuwa limefunguka, la pili halikufunguka kabisa. Nilikitoa nikakitia mfukoni.

Mama yake Salome alikufa wiki ya tano. Yule madam wa Jedda, ambaye alikuwa na moyo, alimlilia kaka yake kwenye simu siku tatu mpaka akatia saini. Salome alifika kwao siku tisa baada ya maziko. Shangazi zake walijaribu kumfanyia jambo kaburini, kwa maji na maziwa, lakini mkubwa wao akasema waziwazi kwamba wanajifariji tu. Aliyeyasema hayupo, na mwingine hawezi kuyaondoa.

Alinipigia simu jioni hiyo. Hakuuliza habari za bosi. Aliniuliza, "Baba Mwende, yule mnyama mlimpata?"

Nikasema, "Hatukumpata."

"Basi labda alipona."

"Labda."

"Namshukuru Mungu," akasema. "Afadhali yeye."

Nimerudi nyumbani mwaka wa saba sasa. Nimewaeleza upinde na mkono, mizani na mpira, na ninyi mna akili, mtayashika. Kigumba kizuri ni kile kinachoufaa mkono unaovuta. Ukiujua mkono huo na ukaulizwa, sema. Ukishindwa kusema ukweli, tafuta hata uongo, lakini usielekeze kidole mahali unapojua si penyewe ili watu wakupigie makofi. Hilo ndilo jibu langu lote.

Salome siku hizi anaishi pale ng'ambo, nyumba yenye mabati ya buluu, mnaiona mkienda sokoni. Mvua ikimruka yeye na kunyesha kwa jirani, husema ni yale maneno ya mama. Ng'ombe wake alipokufa akizaa, alisema hivyo hivyo. Binti yake alipoachwa, alisema hivyo. Hanung'uniki, anasema tu kama mtu anayetaja jina la kijiji chake.

Mara tatu nimekwenda kwake na kile kigumba mfukoni, nikiwa nimeazimia kukiweka mezani na kumwambia kilikotoka na aliyekichagua. Jumapili iliyopita nilifika nikamkuta ametoka kanisani. Akanitolea kiti, akanitilia chai hadi nusu kikombe kwa sababu anaijua mikono yangu, akakaa chini kwenye mkeka. Nikaingiza mkono mfukoni, nikakishika.

"Unajua, Baba Mwende," akasema, "watu wote wa kule nimewasahau. Wewe sikukusahau. Wewe peke yako ndiye uliyejaribu kunisaidia."

Nikanywa ile chai. Nikamwambia ni tamu. Nikarudi nacho nyumbani.